Hita ya Mbavu Saba

Nianze na mkwe wangu 'Mathabang, mama wa mume wa binti yangu, maana bila mdomo wake nisingenunua hita mpaka naingia kaburini.

Alipiga simu Jumapili moja ya mwezi wa tano, tumekaa jikoni tunakunywa uji mchachu. Mke wangu akaiweka simu mezani tusikie wote. Mama yule hakuuliza hata kama mbuzi hawajambo.

"Wakwe zangu, nimefikiri sana," akasema. "Lineo ajifungulie huku kwetu Bloemfontein. Huko kwenu Mokhotlong milimani mwezi wa saba ni baridi ya kuua mtu. Mimi nililala siku mbili tu kwenye nyumba yenu wakati wa harusi, na goti langu halijanisamehe mpaka leo."

Goti lake! Goti limezeeka kwa kupanda ngazi za maduka, lawama inaangukia nyumba yangu.

Lineo ni mtoto wetu wa pekee. Ndiye aliyetupa majina sote wawili, mke wangu 'Malineo na mimi Ralineo, kama mumewe Thabang alivyompa mama yake la 'Mathabang, na mimba hii ilikuwa yake ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza hurudi nyumbani. Binti siku zikikaribia anarudi kwa mama yake, anazalia huko, anakaa ndani na kichanga chake mpaka kipate nguvu, ndipo upande wa mume waje kwa heshima zao kuwachukua. Ndivyo alivyozaliwa Lineo, ndivyo alivyozaliwa mama yake. Sasa mtu anataka kuyafuta yote hayo kwa simu ya dakika mbili kwa sababu ya goti!

Nilitaka kumpa maneno yake, lakini Lineo alikuwa hapohapo upande wa pili, akaichukua simu.

"Baba, usikasirike. Mimi nataka kuja nyumbani. Lakini kile chumba nakijua. Nilikuwa nalala na soksi tatu."

"Mbili," nikasema.

"Tatu, baba. Sikiliza. Mwisho wa mwezi wa sita nitakuja na Thabang. Nikikuta chumba kina joto, nabaki. Nikikuta ni kilekile, nageuka naye siku hiyohiyo. Sitamweka mtoto kwenye baridi ili watu wasiseme."

Akakata. 'Malineo akaniangalia, mimi nikauangalia uji. Niseme ukweli, roho iliniuma. Nina miaka sitini na tatu, na tangu Lineo mwenyewe atoke kwenye nepi sijasikia mtoto akilia ndani ya nyumba yangu. Nilimtaka huyo alie kwangu. Alie mpaka majirani walalamike.

"Umesikia?" mke wangu akasema. "Joto."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Basi amka ukatafute, usikae hapo kumeza uji kama umeambiwa umefiwa."

Kazi yangu ni sufu. Miaka thelathini nimekaa kwenye banda la kunyolea kondoo, napanga sufu kwa madaraja. Nifumbe macho, niwekee manyoya mkononi, nitakwambia ni ya shingo au ya tumbo, ni ya kondoo aliyeshiba au aliyekonda. Mtu kama mimi haambiwi habari za joto. Joto nalijua kwa vidole. Kwa hiyo nilianza na akili zangu mwenyewe, halafu nikaongeza za jirani yangu Sekoati, na hapo ndipo nilipoanza kukosea.

"Hita ya mafuta ya taa," akasema Sekoati, bila kufikiri hata nukta. "Ninayo tangu enzi za marehemu mama. Unaijaza, unawasha utambi, chumba kinakuwa kama tumbo la ng'ombe."

"Na harufu?"

"Harufu utaizoea. Mimi siisikii tena."

Sisi tunaisikia. Sekoati akiingia kanisani, viti viwili mbele na viwili nyuma vinajua amefika. Lakini nikaona ana hoja, maana mafuta ya taa hayategemei nguzo za umeme kuanguka. Nikaenda nalo wazo hilo mpaka kliniki, nilikopeleka kadi za Lineo zisajiliwe mapema. Nikamwambia nesi kwa majivuno kabisa kwamba nanunua hita ya mafuta ya taa kwa ajili ya kichanga.

Nesi akaweka kalamu chini. "Ntate, unampenda mjukuu wako?"

"Swali gani hilo?"

"Basi kitu chochote kinachowaka moto, iwe mafuta ya taa, gesi, mkaa, samadi, sitaki kukisikia ndani ya chumba kilichofungwa chenye mtoto mchanga. Moto unakula hewa na kutoa sumu. Watalala vizuri na hawataamka. Nunua ya umeme, isiwe na moto, na uichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa kuunganisha."

Aliyasema taratibu, na macho yake yalionyesha amewahi kuona. Nikasema ndiyo. Sekoati nilimwambia tu kwamba mafuta ya taa yamepanda.

Basi nikaenda dukani kwa 'Maseeng, pale karibu na kituo cha posta. Huyu mwanamke ameuza vyombo vya umeme tangu kabla hatujapata umeme. Akanipangia hita tatu sakafuni kama mtu anayepanga kondoo wa mnada.

"Ipi ina joto zaidi?" nikauliza.

"Zote zina joto, Ntate. Ndiyo maana zinaitwa hita."

"Usinichezee."

"Haya. Hii ndogo ina feni, inapuliza. Chumba kinapata joto upesi, ukiizima kinapoa upesi, na inavuma kutwa. Hii ya pili ina vyuma viwili vinavyowaka vyekundu. Inakupasha unachokielekezea. Ukikaa mbele unaungua, ukikaa nyuma unaganda. Hii ya tatu ya mbavu saba ina mafuta ndani. Hayaungui wala hayaongezwi. Umeme unayapasha, yenyewe yanapasha chumba, polepole. Kwa mtoto ni hii."

Akaichomeka ile ya mbavu. Nikasubiri. Nikainama. Nikazunguka nyuma.

"Mbona haiwaki?"

"Inawaka."

"Sioni moto."

"Haina moto."

"Sasa mtu atajuaje kama imewaka?"

"Atahisi joto, Ntate."

Nikaweka kiganja. Baridi tupu. "Hakuna kitu hapa."

"Nimeiwasha sasa hivi! Ipe nusu saa."

Nusu saa! Nikamtazama huyu mwanamke nikaona ananiuzia rejeta ya lori. Akachomeka ile ya vyuma viwili. Loo! Ndani ya dakika vyuma vikawa vyekundu kama makaa, joto likanipiga magotini, moyo ukafurahi. Hiki ndicho kitu. Hiki hata 'Mathabang akiingia atakiona kwa macho na kunyamaza.

"Nipe hii."

"Ntate, hii si ya chumba cha mtoto."

"Nani anayenunua?"

"Wewe."

"Basi."

'Maseeng akaifunga kwenye boksi, ila aliifunga kwa kamba nyepesi sana, kama mtu anayejua itafunguliwa tena karibuni.

Jioni hiyo nikamwita mke wangu chumbani kwa Lineo aje aone maajabu. Nikaiwasha, nikaipa mgongo, nikajifunga blanketi langu vizuri, nikaanza kumfafanulia uzuri wa kuona moto kwa macho. Nilikuwa katikati ya maneno niliposikia harufu. Ya sufu naijua popote.

"Kuna mtu anachoma ngozi ya kondoo," nikasema. "Tena sufu safi. Daraja la kwanza. Nani huyu anayeharibu mali? Ni Sekoati huyo."

"Ralineo," mke wangu akasema.

"Ngoja. Hii ni sufu ya bega, isiyochanganywa kabisa—"

"Ralineo, ni wewe! Unaungua!"

Pindo la blanketi lilikuwa linafuka moshi. 'Malineo akalikanyaga na mimi nikiwa ndani yake, tukaanguka wote wawili kitandani. Tundu lilibaki kubwa kama sahani. Blanketi nililovaa siku ya harusi ya binti yangu! Nilikasirika, sijui nimkasirikie nani, nikaikasirikia hita. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaacha ghafla.

"Fikiria ingekuwa nepi," akasema.

Nilifikiria. Kesho yake asubuhi nikawa dukani kabla mlango haujafunguliwa. 'Maseeng akaliona tundu. Alikwenda zake nyuma akaniletea ile ya mbavu saba, na safari hii kamba aliifunga mara nne.

Saa ya kwanza ile hita niliitukana. Ya pili nikaihurumia. Ilipotimia ya tatu nikauweka mkono ukutani, upande wa mbali kabisa na hita, ukuta ambao tangu niujenge haujawahi kuwa na wema kwa mtu, nikaukuta vuguvugu. Nikaita, "'Malineo! Njoo ushike ukuta!" Tukasimama wote wawili tumeshika ukuta kama watu wanaokaguliwa na polisi.

Basi mimi na hita tukawa ndugu. Nilihamia chumba kile wiki nzima kuisoma tabia yake. Niliona joto linapotorokea, nikaenda bandani nikaleta gunia la sufu ya tumbo, ile chafu isiyo na mnunuzi, nikaishindilia kwenye nyufa za dirisha na chini ya mlango na juu ya dari. Nikabakiza tundu moja la hewa, maana nesi yule nilimwogopa. Hita yenyewe ilikuwa na kitufe cha nguvu na kitufe cha joto, hayo hata mtoto angeyaelewa. Lakini pembeni ilikuwa na saa ya duara, imezungukwa na meno madogo ishirini na manne, jino moja kwa kila saa ya siku. Jino ukilibonyeza chini, hita inafanya kazi saa hiyo. Ukiliinua, hita inalala. Kitu hicho kilinipendeza kuliko maelezo. Nikaona kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri jua linapiga dirisha lile, na tokeni za umeme zinakwenda kama maji. Nikainua meno matano. Sikumwambia mtu.

"Mtu asiiguse," nikatangaza.

"Hata mimi?" mke wangu akauliza.

"Hasa wewe. Redio tu unaizima kwa kung'oa betri."

"Haya, fundi mkuu. Kaa nayo."

Mwisho wa mwezi wa sita Lineo akaja, tumbo mbele, Thabang nyuma amebeba mikoba na hofu ya mama yake. Barafu ilikuwa imeshika ndoo za maji uani. Binti yangu akaingia chumbani, akakaa kwenye kiti, akasema atakaa kidogo tu apime. Tukamwacha. Tuliporudi baada ya dakika ishirini tulimkuta amelala palepale, mdomo wazi, anakoroma. Thabang akaniangalia.

"Ntate, nadhani nitarudi peke yangu," akasema.

Nilitoka nje nikasimama zizini na mbuzi, nikacheka peke yangu. Nilijiona nimeshinda. Kumbe ya Mungu mengi.

Wiki mbili baadaye, hospitali ya hapa mjini, mtoto akazaliwa. Msichana, Pulane. Jina walikwisha kulichagua wakwe siku ya harusi, walipomwita binti yangu 'Mapulane, yaani mama Pulane, hata kabla hajafungua masanduku yake. Hao watu, hata tumbo linawatii. Taarifa nikaipeleka mimi kwa simu kwa dada wa 'Mathabang, kama desturi inavyotaka, naye akajua la kufanya. Mtoto wa kiume, baba yake anachapwa fimbo. Wa kike, anamwagiwa maji. Thabang aliipata ndoo nzima mgongoni kwenye maegesho ya ofisi yao, katikati ya Julai. Nilisikia mayowe yake kwenye simu, nikafurahi sana, Mungu anisamehe.

Siku ya pili wakawaleta mama na mtoto nyumbani. Waliingia wamefunikwa gubigubi, 'Malineo mbele, mlango ukafungwa. Halafu mke wangu akatoka na tete refu la mtoni, akalichomeka juu ya mlango wa kile chumba, lisimame kila mtu alione. Mimi nilikuwa nakuja na tokeni ya umeme mkononi, nataka kupita ndani niangalie hita.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Ndani. Kuangalia hita."

Akanyoosha kidole juu, kwenye tete.

Nikasimama. Jamani! Miaka sitini na tatu mimi ni Msotho, desturi hii nimeikuta, nimezaliwa nayo, mimi mwenyewe nilifungiwa nje Lineo alipozaliwa. Tete likisimama mlangoni, mwanaume haingii. Si baba wa mtoto, si babu, si askofu. Na mimi niliyesimamia mimba ya kwanza irudi nyumbani kwa ajili ya desturi, nilinunua hita, nikaifanya siri yangu, nikakataza watu wasiiguse, na wala haikunijia akilini kwamba siku itakayoanza kazi yake hasa, mimi nitakuwa nje. Mpumbavu ni mimi. Nasema wazi.

"Basi nikuelekeze," nikasema.

"Inafanya kazi, Ralineo. Iache. Kuna mtoto humu, sina muda wa mihadhara."

Na kweli ilifanya kazi. Siku sita nilikaa jikoni nikisikiliza. Mtoto analia, 'Malineo anaimba, Lineo anacheka. Sauti nilizozitaka nilizipata, lakini kupitia ukutani. Nilikuwa na wivu na ukuta.

Siku ya saba theluji ikaanguka, umeme ukakatika. Ulikatika usiku ukarudi alfajiri, baada ya muda wa saa sita, nasi tukamshukuru Mungu kwa sufu ya tumbo, maana chumba hakikupoa haraka. Kesho yake, saa kumi jioni, mke wangu akatoka amenuna.

"Hita yako imekufa."

"Haiwezi kufa. Umeme upo?"

"Upo. Taa inawaka. Hita inapoa kama maiti."

"Umegusa nini?"

"Nimegusa nini! Si ulikataza? Tumeiangalia tu, kama sanamu."

Nikamwambia afungue huku, azungushe kule, akaniambia nisimpigie kelele mlangoni mtoto amelala. Wakajifunika mablanketi yote ya nyumba. Saa tatu usiku ikafika, hita ikawaka yenyewe. 'Malineo akasema ina mashetani. Lineo akasema, kwa sauti niliyoisikia vizuri sana, "Mama, kama kesho itazima tena, nampigia Thabang."

Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikifikiri, na sikupata kitu.

Na kama shida haijatosha, siku ya tisa, barabara ilipofunguliwa tu, nikaona gari linapanda kilima. 'Mathabang. Hakupiga simu, hakutuma mtu. Alishuka amevaa makoti mawili, akanisalimia kwa adabu zote, akaangalia tete, akavua viatu vya matope, akaingia. Yeye ni mwanamke, njia yake ni nyeupe. Nikaangalia saa ya ukutani, ilikuwa saa kumi jioni kasoro dakika tano.

Nusu saa ikapita. Nikasikia sauti yake.

"Lineo mwanangu, hii hita mbona inapoa?"

Nikasikia chuma cha hita kinagongwa kwa kidole.

"'Malineo, mkwe wangu, mimi sikuja kugombana. Mila naiheshimu, mtoto amezaliwa kwenu, imetosha. Kesho asubuhi gari lipo. Nitawafunga vizuri, tutakwenda."

Na 'Malineo wangu, mwanamke mwenye jibu kwa kila mtu duniani, nikamsikia anaanza kukusanya nepi. Nilijua anakubali.

Sijui akili ilitoka wapi. Saa kumi jana, saa kumi leo. Inazima saa kumi, inawaka saa tatu. Kati yake ni saa tano. Meno matano! Umeme ulikatika kwa muda wa saa sita, na ile saa ya duara inakwenda kwa umeme, ikasimama muda wote huo, sasa imechelewa kwa saa sita. Hita ilidhani ni saa nne asubuhi na jua linapiga dirishani. Nikaruka kutoka jikoni nikaenda kuugonga mlango kwa ngumi.

"Haijafa! Imelala! Mimi ndiye niliyeilaza!"

"Ralineo, ondoka hapo!" mke wangu akafoka.

"Pembeni kuna duara lenye meno! Bonyeza meno yote chini!"

"Meno gani? Mimi naona madude tu."

"Upande wa kulia!"

"Kulia kwangu au kwako? Wewe uko nje!"

"Niruhusuni niingie dakika moja nifumbe macho—"

"Ukithubutu!" wakasema wote wawili kwa pamoja, na ya 'Mathabang ndiyo ilikuwa kali zaidi.

Halafu nikamsikia akisema, "Hebu nipishe, mkwe. Nimeshona kwa cherehani ya umeme miaka ishirini." Nikasikia magoti yakilia anapoinama. "Ntate, nimeliona duara. Lina meno ishirini na manne. Kumi na tisa yako chini, matano yako juu."

"Ndiyo hayo. Yabonyeze."

Tik. Tik. Tik. Tik. Tik. Hita ikaguna kidogo kama mzee anayeamka.

"Imewaka," akasema. Halafu, taratibu, "Ntate Ralineo. Haya matano yaliinuliwa na nani?"

Ningeweza kusema fundi, au 'Maseeng. Sekoati pia angefaa, na lawama za Sekoati hazina mwisho. Nikaona mlango ule mbele yangu, nikakosa nguvu ya kudanganya.

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kubana umeme. Saa za jua."

"Ulikuwa unambania mjukuu joto?"

"Ndiyo. Nilijiona mjanja. Halafu nikaificha kama siri, nikasahau kwamba nitafungiwa nje. Mkwe, nimekosa. Lakini hita ni nzima. Ipe usiku mmoja tu. Kama kesho chumba ni baridi, mimi mwenyewe nitabeba mikoba mpaka kwenye gari."

Mtoto akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mdogo sana.

"Kesho," akasema 'Mathabang.

Usiku huo sina la kusimulia, nililala vibaya na sikuulizwa. Asubuhi niliamka nikaoga, nikavaa koti la kanisani, nikatoa mikoba ya Lineo kwenye stoo nikaipanga karibu na mlango wa nje. Niliahidi, na mtu mzima hali maneno yake. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye mkoba wa mwisho niliposikia dirisha linagongwa kutoka ndani.

Nikazunguka nje, theluji mpaka vifundoni. Kwenye kioo sikuona kitu. Kilikuwa cheupe chote, mvuke umekishika kutoka juu mpaka chini, matone yanateremka. Nikasikia mke wangu anasema ndani, "Mkwe, lakini mila!"

"Mila inasema mwanaume asiingie," 'Mathabang akajibu. "Ameingia? Yuko nje kwenye theluji, maskini ya Mungu. Nipe mtoto."

Mkono ukafuta kioo, mviringo kama wa sahani. Kwanza nikamwona yeye, na nusura nisimtambue. Alikuwa na gauni jepesi la mikono mifupi, jasho limemtoka puani, na makoti yake mawili sikuyaona popote. Akamwinua mtoto mpaka usawa wa macho yangu.

Pulane alikuwa macho. Alikuwa na uso mwekundu wenye hasira, uso wangu mtupu. Nywele nyeusi, laini, daraja ambalo sijawahi kulishika maishani. Nami niliziona zote, kila unywele, maana mtoto wa siku kumi, katikati ya Julai, juu hapa Mokhotlong, bibi yake wa Bloemfontein alikuwa amemvua kofia.